Nyimbo tumezipenda, mwimbaji je?

Jioni moja ya Ijumaa wanafunzi wangu wawili wa zamani walinialika kwa chakula katika hoteli moja mtaani Kilimani, si mbali na Barabara ya Ngong. Pembeni mwa ukumbi alisimama mzee mmoja aliyevaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, gitaa mkononi, akiwatumbuiza wageni waliokuwa wakila. Aliimba Malaika, akafuatisha Tausi, kisha akapandisha mdundo kwa Helule Helule. Ukumbi mzima uliitikia. Hata wahudumu walisita na sinia zao ili wamalizie kibwagizo.

Mzee alipopumzika, niliwauliza wenyeji wangu nyimbo zile zilikuwa za nani. Walitazamana. Kisha mmoja wao, ambaye siku hizi anafundisha Kiswahili katika shule ya upili, akanijibu kwa unyenyekevu: "Mwalimu, hizo ni zilizopendwa tu."

Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo. Si kwamba kijana yule alikosea. Alisema kile ambacho sote husema. Hata hivyo, maadamu kazi yangu ni kuyachambua maneno, nakuomba, msomaji, tulichambue neno hili pamoja jinsi tunavyowafunza wanafunzi wetu darasani.

Neno "zilizopendwa" limejengwa kwa mofimu sita. "Zi" ni kiambishi cha ngeli kinachorejelea nyimbo. "Li" ni wakati uliopita. "Zo" ni kirejeshi, nacho kinazirejelea nyimbo zizo hizo. "Pend" ni mzizi, "w" ni alama ya kauli ya kutendwa, na "a" ni kiishio. Tazama basi yaliyomo: nyimbo zimetajwa mara mbili, wakati umetajwa, na mapenzi yametajwa. Hata wasikilizaji, ingawa kauli ya kutendwa imewaficha, tunaweza kuwarejesha kwa kuuliza: zilizopendwa na nani? Asiyekuwa na nafasi kabisa katika neno hilo ni mwimbaji.

Pengine utasema kwamba huu ni uchambuzi wa mtu asiyekuwa na kazi ya kufanya. La hasha. Historia ya watumbuizaji wetu inaonyesha kwamba lililotokea ndani ya neno ndilo lililowatokea wenyewe maishani.

Mchukue Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka wa 1924 huko pwani ya Kenya. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliopelekwa hadi Asia kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki. Baada ya vita alirekodi nyimbo nyingi za Kiswahili, naye anahesabiwa miongoni mwa waliotangulia kutumia gitaa la umeme katika muziki wa nchi hii. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayezungumza na msikilizaji mmoja hata kama ukumbi umejaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimwa, na mafumbo yake yalikuwa ya adabu: mwanamke mrembo kwake ni tausi, na yaliyobaki msikilizaji hujijazia. Huo ndio utumbuizaji hasa. Tusisahau kwamba kitenzi "tumbuiza" ni cha kale. Mama humtumbuiza mwanawe alale, na waimbaji wa pwani waliwatumbuiza maharusi. Kabla hatujasikia habari za kabare za Ulaya, lugha yetu ilikuwa na jina la sanaa ya kuimba karibu na watu ili nyoyo zao zitulie.

Pamoja na hayo yote, jina la Fundi Konde lilififia kwa miaka mingi, ilhali nyimbo zake ziliendelea kuimbwa. Mwaka wa 1991 bendi ya Them Mushrooms, ambayo ilikuwa imejijengea sifa katika hoteli za Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi, ilimrudisha studioni, wakazirekodi upya nyimbo zake. Mzee aliyekuwa karibu miaka sabini akapata wasikilizaji wapya, wengi wao wakiwa hawajazaliwa alipoziimba mara ya kwanza. Aliishi hadi mwaka wa 2000. Je, wangapi wa rika lake hawakupata bendi ya kuwarudisha?

Kisa cha Malaika ni kichungu zaidi. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi wimbo huo na kuupa umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni wimbo wa kijana aliyekosa mali ya kumwoa ampendaye. Miriam Makeba aliupeleka kwenye majukwaa ya dunia, na Boney M wakauimba kwa mtindo wa disko mwaka wa 1981. Fadhili mwenyewe aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarejea nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, na akafariki mwaka wa 2001. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi halisi ni Adam Salim wa Tanzania, na wengine wametajwa pia. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninalosema ni kwamba mabishano ya namna hii huzaliwa pale jamii inapouthamini wimbo bila kujali kuandika habari za aliyeutunga.

Daudi Kabaka naye, mwenye Helule Helule, aliona wimbo wake ukivuka bahari. Bendi ya The Tremeloes ya Uingereza iliurekodi mwaka wa 1968 na ukavuma huko. Kabaka alifariki mwaka wa 2001, mwaka ule ule aliofariki Fadhili. Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne, ataujua mdundo. Jina je?

Tunapotoka Kilimani kuelekea katikati ya jiji kupitia Barabara ya Valley, tunalipita jengo la Integrity Centre, zilipo ofisi za tume ya kupambana na ufisadi. Mahali hapo ndipo palipokuwa Klabu ya Starlight, ambapo wazee wetu walicheza dansi katika miaka ya baada ya Uhuru. Sina nia ya kuomba klabu irudishwe, maana mji hukua na majumba hubadilika. Lakini jamii inapoyabomoa majumba, haina budi kuyahifadhi majina.

Wenzetu wa Ufaransa wametupa mfano. Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyefika Paris mwaka wa 1925, alijipatia riziki kwa kuimba na kucheza katika kumbi za starehe. Aliimba mle kwa miaka hamsini, na onyesho lake la mwisho lilikuwa Aprili 1975, siku chache kabla ya kufariki. Wakati wa vita aliwasaidia wapiganaji waliompinga Hitler. Mwezi wa Novemba 2021 taifa hilo lilimpa heshima ya kuwekwa Panthéon, wanamoenziwa mashujaa na wanafikra wake wakubwa. Hawakusema kwamba huyo alikuwa mwimbaji wa vilabu tu.

Kwetu sisi, sheria angalau imeanza kumtambua mwimbaji. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya mtunzi wa muziki hudumu kwa miaka hamsini baada ya mwaka aliofariki. Hivyo tungo za Fundi Konde zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2050, na za Kabaka hadi mwisho wa 2051. Lakini haki katika rekodi yenyewe hudumu miaka hamsini tangu irekodiwe, na kwa hiyo rekodi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Hoteli inayotumia muziki hadharani hutakiwa kuwa na leseni ili warithi wa watunzi wapate chao. Hata hivyo, sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye hakuna anayemjua.

Yuko atakayepinga akisema kwamba wimbo ukishapendwa huwa wa watu wote, kama ngano na methali. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Ngano haina mtunzi tunayemfahamu, ilhali nyimbo hizi zina watunzi walioishi jana, wakapanda matatu pamoja nasi, na wakaacha watoto. Tunapofundisha ushairi, swali letu la kwanza huwa: mtunzi ni nani? Kwa nini swali hilo hilo lisiulizwe kuhusu wimbo, nao ni ushairi uliotiwa sauti?

Kwa hivyo nina ombi dogo kwa walimu wenzangu. Muhula ujao, teueni wimbo mmoja wa zamani muupeleke darasani. Wanafunzi wauchambue kwa tamathali zake, kwa ngeli na kwa mizani. Kisha wapeni kazi ya nyumbani: wakawaulize babu na nyanya zao aliyeuimba alikuwa nani, alitoka wapi, na waliusikia wapi kwa mara ya kwanza. Majibu wayaandike. Nanyi wanafunzi, mkimkuta mzee wa gitaa hotelini, mngojeni apumzike, mumwamkie, kisha mumwulize jina lake.

Usiku ule mimi nilifanya hivyo, kwa kuchelewa na kwa aibu kidogo. Mzee alicheka, akasema kwamba wageni huja kumwambia wimbo wautakao, na ni nadra mtu kumwuliza yeye ni nani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee yule alikuwa kwao.