UZI: "Ana PhD na hana kazi." Kwani tatizo ni PhD?

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anasimama jukwaani: "Wasomi tunao wa kutosha, sasa tunataka mafundi!" Mwingine anamjibu: "Serikali iwaajiri wote vyuoni!" Makofi pande zote mbili. Mimi niko mwaka wa mwisho, sayansi ya siasa, na naona wote wawili wanakosea mahali pamoja. Sitataja mtu wala chama, mnajua sheria za hapa. Twende.

2/ Kwanza, tulifikaje hapa? Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vipya: ukitaka kuwa mhadhiri, uwe na shahada ya uzamivu. Watu wakaitikia. Nawajua waliochukua mkopo wa sacco ili wamalize. Walichosikia ni kitu kimoja: maliza, kazi ipo.

3/ Halafu hela zikakauka. Vyuo vya umma vilitegemea sana karo ya wanafunzi wa kujilipia. Mwaka 2015, waliopata C+ kwenda juu kwenye KCSE walikuwa zaidi ya 160,000. Mwaka 2016, wizi wa mtihani ulipobanwa, wakashuka hadi kama 89,000. Mwaka 2017, kama 70,000. Serikali ikawa na nafasi za kuwatosha, wa kujilipia wakapungua, na karo yao ikaenda nao.

4/ Chuo kisicho na hela hakiajiri. Kinachukua wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa walizofundisha, na malipo yenyewe mara nyingi yanachelewa. Kwa hivyo unaweza kumkuta mtu ana uzamivu, anafundisha vyuo viwili au vitatu, na bado hana kazi.

5/ Mmoja wao alinifundisha mbinu za utafiti. Tulimwita Daktari tu. Darasa la watu 200, bila maikrofoni. Jioni moja nilimkuta kwenye steji ya matatu anahesabu sarafu. Nikamsalimu. Akaniambia bila kuzunguka: "Semesta mbili sijalipwa. Hii ndiyo nauli ya wiki." Nilikuwa nimepanga kumwambia nataka kufuata njia yake. Niliyameza hayo maneno.

6/ Muhula uliofuata hakurudi. Siku hizi yuko Kitui, kwenye shirika linaloshughulika na maji. Tasnifu yake ilihusu kamati za maji za vijijini: kwa nini kisima kimoja kinadumu miaka kumi, na cha jirani pampu ikifa kinaachwa hivyo hivyo. Swali hilo hilo ndilo analolipwa kulijibu sasa.

7/ Nilimpigia mwezi jana. Ripoti yake ya kwanza ilikuwa kurasa 40. Mkubwa wake akairudisha: "Nipe mbili." Anasema hizo mbili zilimtoa jasho kuliko sura yoyote ya tasnifu. Lakini pampu tatu zilirekebishwa kwa sababu ya hizo kurasa, na alienda akaona maji yakitoka.

8/ Nikamuuliza kama anajiona ameshindwa. Alinyamaza kidogo. "Darasa nalikumbuka, siwezi kudanganya. Na mama bado anauliza nitakuwa profesa lini. Lakini zamani nilikuwa naandika vitu vya kusomwa na watu watano. Sasa kuna mtu anasubiri jibu langu ili ajue kesho afanye nini."

9/ Hapo ndipo kosa la jukwaani lilipo. Pande zote mbili zinaichukulia PhD kama leseni ya kufundisha chuo: leseni zimezidi magari, basi tupunguze leseni ama tununue magari. Lakini uzamivu ni mafunzo ya kazi: kushika swali gumu kwa miaka, kukusanya ushahidi, na kukubali ushahidi ukikukataa. Chuo ni mwajiri mmoja tu wa kazi hiyo.

10/ Mfano tunao hapa nyumbani. Calestous Juma, mtoto wa Busia, alifundisha shule ya msingi, akaandika habari za sayansi gazetini, akapata uzamivu Sussex mwaka 1987. Mwaka uliofuata akaanzisha Nairobi kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, ACTS. Baadaye akaongoza sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bioanuwai. Harvard alienda baada ya hayo yote.

11/ Na sheria zetu zenyewe zinahitaji watu wa aina hii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti, zote 47, iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huo huo inaweka Ofisi ya Bajeti ya Bunge. Mpango bila mtu wa kusoma takwimu ni orodha ya matamanio tu.

12/ Sasa mlango uko wapi? Daktari aliomba kazi ofisi mbili za umma kabla ya Kitui. Moja ilisema hana "uzoefu wa kazi". Nyingine ikasema amesoma kupita kiasi. Miaka sita ya utafiti uwanjani ikahesabiwa sufuri.

13/ Tuwe waungwana: wanaodai mafundi wana hoja. Hela ni kidogo, na si kila mtu anahitaji uzamivu. Serikali haina deni la kumpa kila msomi cheo. Lakini mtu akishafundisha, malipo yake ni deni.

14/ Kwa hivyo mwanasiasa akileta hoja hii kwako, muulize matatu:
– Wahadhiri wa muda watalipwa malimbikizo yao lini?
– Miaka ya utafiti itahesabiwa kama uzoefu kwenye ajira ya umma?
– Mpango wa kaunti yetu huandikwa na nani, na ni nani hukagua kama ulifanya kazi?
Akianza kukuimbia wimbo wa chama, umeshapata jibu.

15/ Mimi bado nataka kusoma mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba sasa nitaanza na swali ambalo kuna mtu nje ya chuo analihitaji. Kama una uzamivu na uko nje ya darasa, tuambie hapa chini unafanya nini na uliingiaje. Kuna mtu yuko steji saa hii anahitaji kusoma.