Bidhaa ikikudhuru, mwenye duka naye hujibu

Umenunua pasi mpya ya umeme. Siku ya kwanza tu inalipuka na kukuunguza mkono. Unairudisha dukani, lakini mwenye duka hataki kusikia. "Mimi niliuza tu. Nenda kwa walioitengeneza!" Na walioitengeneza wako ng'ambo.

Kisheria, jibu hilo halitoshi.

Kesi inayolieleza jambo hili vyema ilihusu nguo za ndani. Mnamo 1931 Dkt Richard Grant, mkazi wa Adelaide nchini Australia, alinunua nguo za ndani za sufu katika duka la John Martin. Alizivaa bila kuzifua kwanza, na siku hiyo hiyo akaanza kuwashwa. Ugonjwa wa ngozi ulimwenea mwilini hadi akalazwa hospitalini. Kumbe kemikali za salfaiti zilizotumiwa kiwandani zilikuwa zimebaki katika kitambaa.

Alishtaki kiwanda, na duka pia. Mahakama ya kwanza ilimpa pauni 2,450. Mahakama Kuu ya Australia ikaufuta uamuzi huo, lakini mwaka wa 1935 baraza la rufaa mjini London likamrudishia ushindi dhidi ya wote wawili.

Kiwanda kilionekana kimezembea. Duka je? Halikuzembea hata kidogo, kwani lingejuaje? Lakini mnunuzi alilitegemea limuuzie nguo ifaayo kuvaliwa, na ahadi hiyo imo ndani ya mauzo hata isipotamkwa.

Hapa Kenya ahadi kama hiyo imo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kufidiwa akiumizwa na kasoro ya bidhaa. Mwenye duka akishalipa, anaweza naye kumdai aliyemuuzia. Huo ni ugomvi wao.

Lakini ukiikagua pasi, ukaona waya umechubuka na bado ukainunua, usitarajie kusikizwa. Tena ahadi ya muuzaji humhusu aliyenunua. Katika kesi maarufu ya Scotland iliyoamuliwa 1932, mama aliyedai kukuta konokono katika chupa ya kinywaji cha tangawizi hakuwa na mkataba na mkahawa, kwa kuwa rafiki yake ndiye aliyenunua. Ilimbidi amwandame mtengenezaji.

Basi risiti iweke. Na pasi iliyolipuka usiitupe, wala usimpe fundi wa mtaani aifungue kabla wakili wako hajaiona.