Aliye Safarini Siku ya Kura

Wakongo wengi wako ugenini: huyu anasoma Bruxelles, yule anachuuza vitambaa Kampala, mwingine anamwuguza ndugu yake Bujumbura. Siku ya uchaguzi wa nchi yao ifikapo, kadi ya mpiga kura wanayo mfukoni, ile ile waliyoitumia kama kitambulisho, lakini sanduku liko mbali. Kwao hubaki kusikiliza tu.

Na kusikiliza kwenyewe si kazi nyepesi. Tukumbuke uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchini, na ujumbe mfupi wa simu vilevile, kwa muda wa majuma karibu matatu. Sauti ya redio RFI ilinyamazishwa Kinshasa. Huko Goma, wenye laini za Rwanda walisogea mpakani ili kupata habari. Mtoto aliyekuwa Ulaya alimpigia mama yake simu: «Mama, wanasema nani ameshinda?» Naye mama, aliye karibu na masanduku, akamwuliza mwanawe swali lilo hilo!

Serikali ilisema imekata njia hizo ili kuzuia matokeo ya uongo. Lakini ukimya nao huzaa uvumi, tena uvumi wenye miguu mirefu.

Baraza la Maaskofu, CENCO, lilikuwa limetuma watazamaji wapata 40,000. Tarehe 3 Januari 2019 lilisema kwamba hesabu zake zinaonyesha mshindi, pasipo kumtaja jina. Hebu fikiri hali ya mtu aliye ng’ambo, akisoma maneno hayo na kuyarudia! Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza usiku wa kuamkia tarehe 10. Kinshasa ilikuwa karibu saa tisa usiku, Lubumbashi saa kumi. Bali kule Montréal ilikuwa ingali tarehe 9, saa tatu ya jioni, watu hawajalala. Félix Tshisekedi alipewa 38.57 kwa mia, Martin Fayulu 34.8. Maaskofu walisema kwamba hesabu hizo haziafikiani na zile za watazamaji wao. Watu wa Beni, Butembo na Yumbi walikuwa nchini mwao, na hata hivyo kura yao iliahirishwa hadi Machi, Rais akiwa amekwisha kuapishwa. Basi, kumbe mtu aweza kuwa mgeni nyumbani kwake.

Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa kidogo. Kwa mara ya kwanza Wakongo walipiga kura nje, katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika ya Kusini, Kanada na Marekani. Tena kura zao ndizo zilizosomwa kwanza, tarehe 22 Desemba. Uganda, Burundi na Tanzania hazikuwamo katika hizo tano. Mchuuzi wa Kampala, aliye jirani kuliko mwenzake wa Montréal, aliachiwa redio yake.