Sura ya Tano: Waliokana Imani na Mlango wa Kurudi

Mwishoni mwa 249 Kaizari Decius aliamuru wakazi wa Dola la Roma waitolee miungu sadaka. Dola lilikuwa linashambuliwa mipakani, naye aliamini kwamba miungu ikirudishiwa heshima yake, mambo yatatengemaa. Mtu alikwenda mbele ya kamati ya mahali pake, akamimina kinywaji cha tambiko, akatoa sadaka, akaonja nyama yake, kisha akapewa cheti chenye sahihi za mashahidi. Vyeti zaidi ya 40 vya namna hiyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimepatikana Misri, na tarehe zake ni za katikati ya 250. Kimoja ni cha mzee wa miaka 72 wa eneo la Fayum, anayetambulishwa kwa kovu kwenye nyusi yake ya kulia.

Kwa aliyeabudu miungu hiyo tangu utotoni, shughuli hii ilikuwa ya asubuhi moja. Kwa Mkristo ilikuwa kuikana imani. Fabian, askofu wa Roma, aliuawa Januari 250. Wengine walifungwa na kuteswa. Lakini Karthago, mji mkubwa ulioko karibu na Tunis ya leo, wengi walikubali. Askofu wao, Cyprian, anasimulia kwamba wapo waliokwenda wenyewe kabla ya kuitwa, na jioni ilipoingia wakawasihi maofisa wasiwaambie warudi kesho.

Ndipo lilipozuka swali ambalo kanisa halikuwahi kulikabili kwa wingi huo: hawa wakitaka kurudi, wapokewe?

Namna za kuanguka

Mateso yalipopoa, walioanguka walianza kubisha hodi, na makosa yao hayakulingana. Kundi la kwanza walikuwa wametoa sadaka yenyewe. La pili walitupa chembe za ubani juu ya makaa, wakaenda zao. La tatu hawakuikaribia madhabahu: walitoa kitu kidogo kwa ofisa, wakapewa cheti kinachodai wametimiza amri. Hawa walijitetea kwamba mikono yao ni safi. Cyprian aliwajibu kwamba aliyekubali kuandikwa kuwa amekana amekwisha kukana, ingawa kosa lake ni jepesi kuliko la aliyekula nyama ya sadaka.

Hata ndani ya kundi moja aliona tofauti. Yuko aliyekimbilia madhabahu kwa hiari, na yuko aliyevunjika baada ya kuteswa muda mrefu. Yuko aliyewaburuta mke, watoto na watumishi wake watoe sadaka, na yuko aliyejipeleka peke yake ili jamaa yake yote iachwe. Kuwapa wote hukumu moja, alisema, ni ukatili.

Msamaha wa haraka

Njia ya mkato ilipatikana gerezani. Waliokiri imani mbele ya mahakimu wakafungwa waliitwa waungama, na heshima yao ilikuwa kubwa mno. Kwa desturi ya zamani, mwungama aliweza kumwandikia askofu barua ya kumwombea aliyeanguka. Mwaka 250 barua hizo zilitolewa ovyo. Nyingine zilisema tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake, bila majina, na Cyprian alilalamika kwamba chini ya barua moja wanaweza kuingia watu ishirini au thelathini. Baadhi ya mapadre waliwapa walioanguka ekaristi papo hapo.

Cyprian alikuwa mahali pagumu. Yeye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wote wa mateso, akiongoza kanisa kwa barua, na wapo waliosema kwamba mtu aliyekimbia hana ubavu wa kuwawekea wengine masharti. Hata hivyo alishikilia kwamba msamaha unaogawiwa bila toba unamdhuru anayeupokea, kwa sababu unalifunika jeraha bila kulisafisha.

Msimamo wa Novatian

Roma hali ilikuwa kinyume. Padre msomi aitwaye Novatian alimpinga Cornelius, aliyechaguliwa kuwa askofu mwaka 251, akasimikwa na wafuasi wake kuwa askofu mpinzani. Msimamo wake ukaja kuwa huu: aliyeikana imani asirudishwe kamwe katika ushirika, hata akiwa kitandani anakata roho.

Hapa wasomaji wengi humwelewa vibaya. Novatian hakusema Mungu hana huruma. Aliwataka walioanguka watubu maisha yao yote na kumwachia Mungu uamuzi. Alichokana ni mamlaka ya kanisa kutangaza msamaha wa kosa hilo. Ubishi wote ulihusu basi namna huruma ya Mungu inavyomfikia mtu angali hai, katikati ya wenzake.

Jibu la Cyprian liligusa mzizi wa hoja hiyo. Kumhimiza mtu atubu huku umemfungia njia, aliandika, ni kumwambia mkulima alime kwa bidii na huku unamhakikishia kwamba hatavuna. Nani atalima? Mtu aliyekatishwa tamaa atarudi kwenye miungu au ataingia katika farakano. Aliyeona hatari hiyo alikuwa mchungaji mwenye majina na nyuso za watu mbele yake.

Uamuzi wa maaskofu

Mtaguso wa Karthago wa 251 ulichukua njia ya kati. Wenye vyeti vya kununua, kila mmoja akichunguzwa kwa kadiri ya kesi yake na kuonyesha toba, walipokewa. Waliotoa sadaka waliwekwa katika kitubio kirefu cha hadharani, wakiahidiwa upatanisho saa ya kufa. Muda si mrefu baadaye, tishio la mateso mapya lilipotanda chini ya Kaizari Gallus, maaskofu wa Afrika walilegeza tena: wote waliodumu katika toba warudishwe mara moja. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kumtaka mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku unamnyima kikombe cha damu ya Kristo. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, chini ya Kaizari Valerian.

Mtaguso wa Nikea wa 325 uliweka hesabu kamili. Waliokana bila kulazimishwa wakati wa Kaizari Licinius walipangiwa miaka 12: 3 katika daraja la watubuji lililoitwa la wasikilizaji, 7 katika lile la wanaosujudu, na 2 ya kusali pamoja na waumini bila kushiriki ekaristi. Leo tunaiona ni adhabu kali, na ilikuwa kali. Lakini mtaguso uliagiza pia kwamba anayekufa akiomba ekaristi asinyimwe.

Makanisa yetu yanayozungumza juu ya kumtenga mtu na kumrudisha kundini bado yanasimama juu ya maamuzi hayo. Kutenga kunakoruhusiwa na mapokeo haya ni kule kunakomwambia mtu, siku ile ile anapotengwa, ni kwa njia gani atarudi. Anayemtenga mwenzake bila kumwonyesha njia hiyo anafuata msimamo wa Novatian, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.