Kwa Nini Lori la Zamani Huvuja Oili Tena Baada ya Kutengenezwa?

Maswali ya kanieneo na mnato hupenda kuchukua mifano ya mambo tunayoyaona kila siku. Mfano mmoja mzuri uko chini ya lori lolote la zamani: doa jeusi la oili. Dereva analipeleka gari gereji, fundi anabadilisha gasketi, doa linatoweka wiki mbili, kisha linarudi. Mara ya pili analaumiwa fundi. Mara ya tatu inalaumiwa gasketi. Kabla ya kumlaumu yeyote, jiulize: ni nini kinachoisukuma oili itoke?

Anza na pistoni. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, gesi huisukuma pistoni chini, lakini kiasi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kuingia sehemu ya chini ya injini, penye kranki na sampu ya oili. Hata injini mpya hupenyeza kidogo. Ndiyo maana injini huwekewa bomba la kupumulia, ili gesi hiyo ipate njia ya kutokea. Injini ikichakaa, ringi na silinda hulika na gesi inayopenya huongezeka. Wakati huohuo bomba la kupumulia huziba polepole kwa masizi na tope la oili. Gesi inaingia nyingi, mlango wa kutokea ni finyu. Kanieneo ya ndani hupanda, na oili husukumwa nje pale palipo dhaifu.

Tukokotoe. Chukulia kanieneo ndani ya injini imezidi ile ya nje kwa paskali 2,000 tu, yaani takriban asilimia 2 ya kanieneo ya angahewa. Densiti ya oili ni kilo 880 kwa mita ya ujazo, na g ni 10.

Kimo = kanieneo ÷ (densiti × g) = 2,000 ÷ (880 × 10) = mita 0.23

Sili ya nyuma ya kranki hukaa juu ya usawa wa oili iliyo kwenye sampu. Kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa. Kwa hesabu hii, sasa ni kama imezamishwa chini ya oili yenye kina cha sentimita 23. Sili mpya ikiwekwa hapo bila kuzibua bomba, itavuja kama ya kwanza. (Watahiniwa wengi hukosea kwa kutumia kanieneo yote ya ndani. Kinachosukuma ni tofauti kati ya ndani na nje.)

Sasa ongeza joto. Joto likipanda, mnato wa oili hupungua, nayo hupita kwa urahisi kwenye upenyo mdogo. Lori lililolala kavu usiku kucha linaweza kudondosha oili likimaliza kupanda Mlima Kitonga na shehena, kwa sababu oili imekuwa nyepesi na injini inapenyeza gesi nyingi. Kwa hiyo uvujaji uchunguzwe injini ikiwa imepata moto.

Uchunguzi wenyewe huanza kwa kuosha injini, kuikausha, kuiendesha, kisha kutafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Oili huteremka kwa mvutano wa dunia na hupeperushwa nyuma na upepo wa feni. Oili inayotoka kwenye kava ya tapeti huweza kufika nyuma ya injini na kudhaniwa ni ya sili ya kranki. Kosa hilo ni la gharama, maana kuifikia sili hiyo hulazimu kushusha gia boksi na klachi.

Kisha bomba la kupumulia livuliwe, lioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Injini ikiunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, mikono ikiwa mbali na feni na mkanda. Mvuke mwepesi ni kawaida. Moshi ukitoka kwa nguvu, kwa mapigo, wakati bomba liko wazi, tatizo ni ringi au silinda, na hakuna gasketi itakayolitibu.

Bomba likiwa zima na uvujaji ukiendelea, ndipo utazame nyuso zinazokutana. Sili ya zamani huchimba mfuo kwenye shafti. Mpya ikikaa kwenye mfuo uleule haipati pa kushika. Mafundi huisogeza milimita chache ili iguse sehemu laini, pale nafasi inaporuhusu, au huivisha shafti pete nyembamba ya chuma. Sampu nayo hupinda kwenye matundu ya boliti kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, hivyo inyooshwe kabla ya gasketi mpya. Kumwaga gundi ya silikoni nyingi si dawa: inayobanwa kwenda ndani hukatika na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini ikikosa oili hukwama.

Swali la kujipima: Lori limebadilishiwa sili ya kranki mara mbili na bado linavuja likiwa na mzigo, ila likiwa tupu halivuji. Ukitumia kanieneo na mnato, eleza sababu, kisha taja kipimo kimoja ambacho fundi angefanya kabla ya kununua sili ya tatu. (Alama 6)