Saratani ya tezi dume: skani inayoonyesha imefika wapi

Mwaka jana ami yangu, mzee wa miaka 71 hapa Maskati, alikutwa na saratani ya tezi dume. PSA, kile kipimo cha damu, ilisoma 28. Skani ya CT na ya mifupa zikarudi safi. Nyumba nzima tukasema Alhamdulillah, afanyiwe upasuaji yaishe. Daktari akasema tungoje, kuna kipimo kimoja bado: PSMA PET.

Nikamuuliza, mbili zimetoka safi, ya tatu ya nini?

Akanifahamisha hivi. CT inatazama umbo na ukubwa. Mtoki wenye saratani usipovimba, utaonekana mzima. Skani ya mifupa inaonyesha mfupa unaojijenga upya, hata kama sababu ni kuvunjika zamani. PSMA PET inaitafuta saratani yenyewe. PSMA ni protini inayojaa juu ya seli nyingi za saratani hii. Mgonjwa hupigwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa inajishika kwenye protini hiyo, na baada ya kama saa moja anakwenda haja ndogo, halafu analazwa kwenye mashine. Palipo na saratani panang'aa.

Utafiti wa Australia uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2020, kwa wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa, ulikuta usahihi wa asilimia 92, dhidi ya 65 kwa CT na skani ya mifupa zikitumika pamoja.

Kwa ami, mitoki miwili ya nyonga iling'aa. Upasuaji ukaachwa, akaanzishiwa mionzi na sindano za homoni. Mkewe alilia sana siku ile. Mwenyewe akasema, "Bora nijue adui alipo kuliko kupiga gizani."

Lakini msiikimbilie tu. Mwenye saratani ya hatari ndogo kwa kawaida haihitaji. Vibaki vidogo sana vinaweza kufichika, na baadhi ya saratani hizi hazina PSMA ya kutosha. Figo na tezi za mate hung'aa kwa kila mtu, na alama kwenye mbavu mara nyingine si saratani. Picha inataka msomaji mzoefu.

Muulizeni daktari mawili: saratani hii ni ya hatari kiasi gani, na majibu ya skani yatabadilisha matibabu?

Wenye wazee Mombasa, mashine za PET zipo Nairobi, Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Pigeni simu kwanza mjue kama dawa ya PSMA ipo siku hiyo. Ile ya galiamu hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 68, haiwekwi stoo. Mzee asisafirishwe bure.