Mpangaji, Mfugo Wake na Mwenye Nyumba

Mikataba mingi ya pango jijini Dar es Salaam hutaja kodi, umeme, maji na tarehe ya kuhama, lakini haisemi lolote kuhusu wanyama. Dalali humuuliza mteja ana familia ya watu wangapi. Kama ana paka au mbwa, hilo mara nyingi halimo. Kodi ya miezi sita ikishalipwa na vyombo vikishaingia, ndipo mwenye nyumba anapokuta mbwa kafungwa uani, na kila upande unajiona una haki.

Aina ya nyumba ndiyo inayoamua uzito wa jambo. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati na vyumba pande zote mbili, wapangaji hushirikiana ua, choo, bafu na mahali pa kupikia, hivyo mfugo wa mmoja huwa mzigo wa wote. Paka hudokoa samaki wa jirani, kuku huchafua baraza, na fagio humwangukia ambaye hana hata kifaranga. Mbwa ana shida ya ziada. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka hana hukumu hiyo. Kwa hiyo anayemkataa mbwa uani huenda hachukii wanyama hata kidogo. Analinda twahara ya wapangaji wenzake. Nyumba ya kujitegemea yenye uzio ni habari nyingine: huko mwenye nyumba yuleyule aweza kufurahi kusikia mpangaji anakuja na mbwa wa kulinda geti.

Afya ni hoja ambayo haipaswi kuachwa kwenye hisia. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo, ilhali chanjo hukizuia. Mbwa huchanjwa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Paka naye huchanjwa. Mwenye nyumba anayeomba kuona kadi ya chanjo anaomba kitu cha maana kuliko anayeuliza tu kama mbwa ni mkali.

Kisheria, Tanzania haina kanuni mahususi ya mifugo ya wapangaji. Ufaransa, kwa mfano, tangu 1970 imebatilisha kifungu cha mkataba kinachomzuia mpangaji wa makazi kufuga mnyama wa nyumbani, isipokuwa mbwa wa aina hatari. Hapa kwetu uzito uko kwenye mkataba wenyewe. Ukiwa kimya, ni vigumu kwa mwenye nyumba kudai katikati ya muda kwamba sharti limevunjwa, na mgogoro ukikua hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kutega sumu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na sumu iliyowekwa uani haichagui kati ya paka na mtoto.

Katazo la jumla nalo lina udhaifu: mpangaji humficha mnyama chumbani, ambako harufu na uharibifu huzidi. Kifungu chenye masharti hufanya kazi vizuri zaidi. Kitaje ni mnyama gani na wangapi, alale wapi, nani asafishe, chanjo ionyeshwe lini, na watoto wakizaliwa waondolewe ndani ya muda gani. Fedha ya dhamana iandikiwe risiti, na milango, kuta na nyavu za madirisha zipigwe picha siku ya kukabidhiana funguo, maana kucha za paka huanzia kwenye nyavu.

Mwenye nyumba asiyetaka mnyama kabisa anaruhusiwa kukataa, ila aseme hivyo kabla ya kupokea kodi.